Ratiba Iko Mikononi mwa Nani? Uhakiki wa Huduma ya Mkoba katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Suala la kuwapelekea matibabu wakulima na wavuvi wanaoishi mbali na hospitali limezoeleka kujadiliwa kama suala la vyombo: gari, ndege, boti, meli. Mjadala huanza kwa kuuliza ni chombo gani kinafaa, nani atakitoa na mafuta yatatoka wapi, na mara nyingi huishia hapo hapo. Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki mtazamo huo. Tumechagua mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga mpakani mwa Burundi, kupita Kigoma na Ujiji, hadi vijiji vilivyo chini ya milima ya Mahale, kwa sababu huko udhaifu wa mtazamo huo unaonekana waziwazi. Kwa vijiji vingi vya mwambao huo njia imekuwa ni maji. Mgonjwa husafiri kwa boti ya abiria pamoja na magunia ya dagaa na mapipa ya mafuta ya mawese, au hasafiri kabisa.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 28, ulilitazama jambo hili kwa ukali kuliko tunavyokumbuka siku hizi. Wengi wetu tunakifahamu kifungu hicho kwa fundisho lake kwamba, kwa watu waliotawaliwa na kunyonywa, maendeleo maana yake ni ukombozi. Wachache wanakumbuka kwamba ili kuliweka wazi fundisho hilo, waandishi wake walichukua mfano wa afya na wa chakula. Maana yake, kwa maneno yetu wenyewe, ni kwamba tendo linalowapunguzia watu uwezo wa kuamua mambo yao haliwezi kuitwa maendeleo, hata likiwaletea nafuu kidogo ya afya. Na linalowaongezea uwezo huo ni la maendeleo hata kama nafuu hiyo haijaonekana. Hayo ni maneno mazito. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku huko Kalya ana haki ya kutuuliza kama walioyaandika wamewahi kuzaa.

Swali lake ni la haki kwa sababu kifungu hicho kimetumiwa vibaya na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mrasimu. Dawa zikikosekana kwenye zahanati yeye huwahubiria wananchi kujitegemea, kana kwamba Mwongozo uliandikwa ili kumpunguzia kazi. Wa pili hakisomi kabisa. Huyu huamini kwamba kidonge ni kidonge, na kwamba akikileta kijijini, kwa siku aipendayo yeye na kwa ugonjwa aliouchagua yeye, kazi ya maendeleo imekwisha. Mrasimu amehakikiwa sana katika kurasa za aina hii. Leo tutashughulika zaidi na huyu wa pili, maana ndiye mwenye sifa njema, na ndiye anayepigwa picha.

Tunasema kwamba kipimo cha huduma ya afya ya kutembea si ukubwa wa chombo wala ubingwa wa daktari aliyemo, bali ni ratiba. Nani anaamua siku ya kufika? Nani anaamua chombo kitie nanga wapi na kipite wapi bila kusimama? Nani amechagua ugonjwa utakaotibiwa? Na chombo kikishaondoka, ni nani anayebaki ufukweni akiwa na ujuzi, dawa na mamlaka?

Ziwa Tanganyika halikuanza jana kutembelewa na waganga. David Livingstone, ambaye watalii huonyeshwa mnara wake pale Ujiji, alikuwa daktari. Sanduku lake la dawa liliibwa njiani mwaka 1867, na alipofika Ujiji mwaka 1869 akiwa mgonjwa alikuta sehemu kubwa ya vitu alivyotumiwa imekwisha kuchukuliwa. Tunalitaja hilo kwa kupita tu. Lenye uzito zaidi ni la malale. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch alifanya majaribio ya dawa iitwayo atoksili katika visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Muda si mrefu Wajerumani wakaleta kambi za malale katika mwambao wa Tanganyika nao. Mgonjwa alitafutwa, akapimwa, akawekwa kambini. Na watu wakawa wanakwepa. Waingereza nao, katika miaka ya 1920 na 1930, wakawakusanya maelfu ya watu wa magharibi ya nchi yetu katika makazi ya malale. Hatukatai kwamba malale iliua, wala kwamba baadhi ya hatua hizo ziliipunguza. Tunachosema ni kwamba afya ilifika mwambao huu ikiwa ni amri, na mtu aliyepewa afya kwa amri hujifunza jambo moja mapema: kukubali mbele ya mkubwa na kufanya lake akishaondoka.

Hapa hatuna budi kujihakiki wenyewe pia, maana kada anayewahakiki wageni tu anafanya nusu ya kazi. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, na kazi ya kuanzisha vijiji iliyoendelea kitaifa hadi katikati ya miaka ya 1970, iliwatoa watu katika makazi yaliyotawanyika na kuwaweka pamoja. Watongwe wa upande wa Mahale, waliokuwa wakiishi katika vikundi vidogo vidogo misituni na milimani, ni miongoni mwa waliohamishwa. Hoja iliyotolewa ilikuwa nzuri: huwezi kumjengea kila mtu shule na zahanati porini, kwa hiyo tukae pamoja ili huduma itufikie. Lakini mahali pengi hoja hiyo ilisindikizwa na nguvu. Watu wakahama, na huduma ikachelewa. Kwa hiyo linapokuja suala la matibabu katika vijiji vile, Taifa haliendi kutoa hisani. Linakwenda kulipa deni. Mtu aliyeambiwa ahame ili aifuate zahanati hawezi kuambiwa, nusu karne baadaye, ashukuru kwa kliniki inayokuja mara moja na kuondoka jioni.

Pamoja na hayo, miaka hiyo hiyo ya 1970 ilitupa mfano wa huduma ya kutembea ambao hadi leo haujathaminiwa vya kutosha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio, vitabu vidogo na vikundi vya kusikiliza na kujadili. Kilichotembea ni sauti. Kundi lilikaa chini ya mti, likasikiliza, likabishana, kisha likaamua nani achimbe choo lini na majani ya wapi yafyekwe. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Walikuwapo wasimamizi waliogeuza mjadala kuwa agizo, na vipo vyoo vilivyochimbwa kwa kuogopa faini vikabaki bila kutumika. Hata hivyo muundo wenyewe ulikuwa sahihi: elimu ilitoka mbali, uamuzi ulifanyika pale pale. Miaka 5 baadaye, mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulipoitangazia dunia nadharia ya afya ya msingi, sehemu ya nadharia hiyo ilikuwa imekwisha kufanyiwa kazi na wakulima wa Tanzania.

Yaliyofuata yanajulikana na tutayapita haraka. Uchumi ulidhoofika. Kuanzia mwaka 1983 Mpango wa Dawa Muhimu, kwa msaada wa Denmaki kupitia UNICEF, ukawa unapeleka maboksi ya dawa yaliyofungwa tayari kwa kila zahanati na kituo cha afya. Maboksi hayo yaliokoa maisha ya watu wengi, lakini yalikuwa na kasoro moja: yalifanana. Zahanati ya milimani kwenye baridi na ya ziwani kwenye kichocho zilipata boksi la aina moja, kwa sababu aliyelipanga hakuwa ameulizwa wala kuuliza. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza hospitalini, na mkulima akajua kwamba ugonjwa una bei.

Sasa tuje kwenye meli. Mwishoni mwa miaka ya 2000 daktari mmoja wa Marekani, Amy Lehman wa Chicago, alianzisha shirika liitwalo Lake Tanganyika Floating Health Clinic, yaani kliniki ielelayo ya Ziwa Tanganyika. Wazo lilikuwa la kuvutia: meli ya hospitali itakayozunguka ziwa lenye urefu wa kilometa zipatazo 670 na kuwahudumia watu wa nchi 4, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, bila kujali mpaka. Magazeti ya nje yalilipenda. Na kwa nini yasilipende? Ziwa hili tayari lilikuwa na meli ya hadithi. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927. Baada ya chombo kama hicho, ni nani asiyetaka kuota meli nyingine?

Lakini meli ya hospitali haikuwahi kuanza kuzunguka ziwa, na kazi iliyofanywa na shirika hilo katika miaka iliyofuata ilifanyika bila meli. Hatulisemi jambo hili kwa kejeli. Meli ni chombo cha gharama kubwa kukiendesha hata kikiwa kinabeba abiria wanaolipa nauli. Hilo tunalijua sisi wenyewe: MV Mwongozo, meli iliyopewa jina la waraka ule ule tuliouanza nao, ilikaa miaka mingi imefungwa Kigoma bila safari, na Liemba yenyewe ilisimama kwa matengenezo hadi mkataba wa kuikarabati ukatiwa saini mwaka 2023. (Kada mmoja wa bandarini angeweza kusema kwamba Mwongozo umekwama katika sura zake zote mbili, na tusingekuwa na jibu la haraka.) Kasoro ya wazo la meli ya hospitali iko ndani zaidi kuliko gharama. Meli hupita. Ikifika Lagosa leo, itarudi lini? Mimba ina miezi 9, lakini kutoka damu baada ya kuzaa kuna saa chache. Degedege la malaria ya mtoto halingojei zamu ya kijiji. Magonjwa yanayoweza kungoja meli ni yale ambayo hata boti ya kawaida ingewahi kumfikisha mgonjwa hospitali ya Maweni.

Jambo lenye thamani kuliko yote ambalo shirika hilo liliacha ni uchunguzi mmoja, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kimataifa la malaria. Walikwenda katika vijiji 7 vya kata ya Lagosa, wakachagua kaya kwa bahati nasibu kutoka kila kitongoji, wakauliza kaya 196 maswali 23. Zaidi ya asilimia 87 ya kaya hizo zilikiri kwamba zimewahi kutumia chandarua cha mbu kuvulia samaki. Asilimia 96.4 ya waliohojiwa walikuwa wamepewa chandarua bure. Na asilimia 64.9 walisema samaki wamepungua.

Takwimu kama hizi zilienea duniani haraka, na karibu kila mahali zilisomwa kwa namna moja: maskini hajui thamani ya alichopewa, aelimishwe. Sheria nazo zipo zinazokataza nyavu za macho madogo, kwa hiyo mwenye chandarua majini ni mjinga na mhalifu kwa pamoja. Usomaji huu tunaukataa, na tunaukataa kwa kutumia takwimu hizo hizo. Kaya 9 katika 10 haziwezi kuwa zote za wajinga. Kitu kinachofanywa na karibu kila kaya katika vijiji 7 ni uamuzi wa kiuchumi, na uamuzi wa kiuchumi una sababu zake.

Sababu hizo zitafutwe katika uhusiano wa uzalishaji mali. Uvuvi wa dagaa unahitaji chombo, injini, taa na wavu. Na mwenye vitu hivyo huchukua sehemu kubwa ya mapato kabla vibarua hawajagawana kinachobaki. Asiye na chombo, na hasa mwanamke anayelea watoto peke yake wakati mume yuko kambini, amebakiwa na maji ya kina kifupi mbele ya nyumba yake. Siku moja gari au boti ya kampeni inafika na kumkabidhi wavu mwororo, mpana, bila kulipa. Anaambiwa adui yake ni mbu. Yeye anajua mbu ni adui, lakini anajua pia kwamba njaa ya jioni hii ina uhakika kuliko homa ya mwezi ujao. Je, kuna aliyemuuliza kabla ya kampeni ni kitu gani hasa kinachomkosesha usingizi? Kama angeulizwa, pengine angetaja wavu halali na mkopo wa kuununua, kisha chandarua. Na angepewa vyote viwili pengine kila kimoja kingekuwa mahali pake. Vifaranga wa samaki wanaoangamia pale ufukweni ni hasara ya kweli, na hatuwatetei wanaoliangamiza ziwa. Tunachotetea ni kwamba hasara hiyo iandikwe kwenye hesabu ya aliyepanga mradi pia, si ya yule mama peke yake.

Kutoka kwenye chandarua tunafika kwenye mwezi, maana hapa ndipo suala la ratiba linapoonekana kwa macho. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikolea taa hazina nguvu, samaki hawakusanyiki, wavuvi huvuta vyombo, hushona nyavu na kurudi nyumbani. Kwa hiyo katika vijiji hivi mwezi wa angani ndio unaopanga nani yuko nyumbani, lini kuna fedha mkononi na lini hakuna. Ongeza upepo wa kusini wa kiangazi, ambao katika miezi ya Mei hadi Septemba hulichafua ziwa na kuzifanya boti ndogo zisubiri. Sasa linganisha na ratiba ya huduma ya mkoba kama inavyopangwa ofisini: Jumanne ya pili ya kila mwezi. Muuguzi, ambaye hatuna lawama naye hata chembe, anapakia sanduku la chanjo lenye barafu, mizani ya kupimia watoto, daftari na kadi. Anafika, anatundika mizani kwenye mwembe, na anawakuta wanawake na watoto tu. Wanaume wenye kifua kikuu, kichocho na maambukizo ya virusi vya UKIMWI wako makambini, au wamelala baada ya usiku wa kazi. Taarifa ya robo mwaka itasema kwamba mwamko wa wanaume ni mdogo. Mwamko hauna kosa hapo. Jumanne iliangukia mwezi mwandamo.

Mkulima yeyote wa Ujiji angeweza kuisahihisha ratiba hiyo bila kulipwa posho. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Kwa siasa ya mazingira hatua hiyo ina hoja. Kwa siasa ya afya ilikuwa na maana mbili ambazo hazina budi kutazamwa pamoja: maelfu ya wavuvi walikuwa nyumbani, wakipatikana kwa uchunguzi wa afya kuliko wakati mwingine wowote, na wakati huo huo kaya zao hazikuwa na fedha ya nauli, dawa wala bima. Idara mbili za serikali ile ile zikipanga ratiba zao kwa pamoja, kufungwa kwa ziwa kunaweza kuwa msimu mkuu wa tiba. Zikipanga kila moja peke yake, ni msimu wa njaa.

Wapo watakaotujibu kwamba haya yote ni sawa wakati wa amani, lakini dharura haina mkutano wa kijiji. Tuutazame basi mfano wa dharura. Katika Mei ya mwaka 2015, baada ya machafuko ya Bujumbura, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikusanyika katika ufukwe mwembamba wa Kagunga, kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikazuka, kabla mwezi haujaisha wagonjwa walifika 3,000 na watu wapatao 30 walikuwa wamekufa, wakimbizi na baadhi ya wenyeji. Liemba, iliyokuwa na umri wa miaka 100, ndiyo iliyowahamisha watu kwenda Kigoma, safari baada ya safari, mamia kwa mamia. Meli haikuweza kufika ufukweni. Aliyewafikisha wakimbizi kwenye meli ni mwenye boti ndogo, anayeujua mkondo na mawe ya pale. Yaani hata katika saa ile ambayo meli kubwa ilikuwa ya lazima kabisa, kazi yake ilisimama juu ya vyombo vidogo na watu wanaobaki. Na kipindupindu hakikuzuiwa na meli bali na maji safi, vyoo, chumvi ya kuongezea maji mwilini na watu wa kuvisimamia pale pale. Mambo hayo ndiyo yaliyokuwa katika vitabu vya Mtu ni Afya.

Pingamizi zito zaidi ni lile la upasuaji. Mtoto aliyelala vibaya tumboni hatolewi kwa demokrasia ya kijiji. Kweli. Lakini uzoefu wa mkoa huu wa Kigoma wenyewe unaonyesha njia. Kuanzia mwaka 2006, kupitia kazi iliyokuja kujulikana kama Thamini Uhai, vituo vya afya vilivyokuwa mbali na hospitali viliwekewa vyumba vya upasuaji, na matabibu wasio madaktari wa digrii walifundishwa kufanya upasuaji wa uzazi na kutoa dawa ya usingizi. Fedha zilitoka kwa tajiri wa New York, na hilo lina hatari yake, lakini muundo ulikuwa kinyume cha meli: ujuzi ulifundishwa kwa mtumishi wa umma anayelala kituoni. Tajiri akiondoka, tabibu anabaki na mikono yake. Vivyo hivyo mpango wa M-mama, uliotangazwa kuwa wa taifa mwaka 2022, una busara ndani yake. Mwenye mgonjwa hupiga namba 115, na pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani, dereva wa kawaida aliyeandikishwa humchukua mama na kulipwa. Katika mwambao tunaouzungumzia, dereva huyo ni nahodha wa boti ya abiria. Aandikishwe, apewe taa, maboya na mafuta ya akiba yasiyouzwa. Kwa gharama ya injini moja ya meli, boti ngapi za aina hiyo zingeweza kukesha tayari?

Mwaka 2024 mambo mawili yalianza nchini ambayo kada wa Kigoma anapaswa kuyalinganisha. La kwanza ni kambi za madaktari bingwa waliotumwa kwa siku chache katika hospitali za halmashauri. Wagonjwa walijitokeza kwa wingi, na wingi huo ni ushahidi wa mahitaji yaliyolimbikizwa. La pili, lisilo na shangwe, ni mpango wa kuwapata wahudumu wa afya wa jamii 137,294 katika miaka 5, mwanamume na mwanamke kwa kila kitongoji, uliozinduliwa Januari na Dakta Philip Mpango, mwana wa Kigoma aliyekuwa Makamu wa Rais. Sisi tunaliona la pili kuwa ndilo lenye mapinduzi ndani yake, kwa sharti moja. Mhudumu huyo achaguliwe na kitongoji na awajibike kwa kitongoji. Akiwa ni mjumbe wa mradi tu, anayegawa vifaa na kujaza fomu za mfadhili, tutakuwa tumerudi kwenye boksi lililofungwa tayari, safari hii likiwa na miguu.

Nani anadhani onyo hili ni la nadharia tupu? Mapema mwaka 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na kuanza kulivunja shirika la USAID. Kliniki tembezi, wapimaji wa virusi vya UKIMWI na wahudumu waliolipwa kwa mlango huo, hapa Tanzania na kwingineko Afrika, walijikuta bila kazi kwa tamko lililotiwa saini Washington. Hakuna mgonjwa aliyeulizwa, wala mkoa, wala wizara. Kifungu cha 28 kilikuwa kimelisema jambo hilo miaka 54 kabla: nafuu isiyoamuliwa na wenye kuihitaji ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuichukua. Tofauti ni kwamba sasa tunaweza kuhesabu waliopoteza.

Kwa hiyo hatusemi chombo kisipelekwe. Kipelekwe, na haraka, maana mkono mtupu haulei. Zahanati yenye muuguzi mmoja asiye na nyumba, anayeomba uhamisho kila mwaka, si bora kuliko kliniki tembezi kwa sababu tu imejengwa kwa matofali. Ipo mingi ya aina hiyo, na kuta zake zilijengwa kwa nguvu za wananchi ambao hawakuona daktari baada ya uzinduzi. Tunachodai ni kwamba chombo kitanguliwe na anayebaki, na kiongozwe na ratiba iliyotoka ufukweni.

Jambo hili linaweza kuanza bila waraka mpya. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi 3, na wajumbe wake ni watu wazima wote. Ratiba ya huduma ya mkoba ya robo mwaka inayofuata isomwe hapo, siku kwa siku na kituo kwa kituo, mbele ya muuguzi na mhudumu wa kitongoji, na ibadilishwe hapo hapo pale inapogongana na uvuvi, na upepo au na mavuno ya mawese. Orodha ya dawa zilizopokelewa na zilizokwisha isomwe pamoja nayo. Na mkutano wenyewe uitishwe wakati wa mbalamwezi.